Pedi za breki kwa gari la barabarani na la autocross: jinsi ya kuchagua

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, gari linaloshindana Jumapili ndilo linalowapeleka watoto shuleni Jumatatu. Wapenzi wengi wa michezo ya magari hawana uwezo wa kumiliki magari mawili, moja la kazi na jingine la mashindano. Gari ni hilo moja: Subaru Impreza, Toyota Corolla au Vitz iliyoagizwa kutoka Japani ikiwa imetumika, na dereva wake huliandaa mwishoni mwa juma kwa ajili ya autocross.

Miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo dereva wa namna hiyo hufikiria kubadilisha ni pedi za breki. Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Wapo wanaonunua pedi za magari ya mashindano makubwa wakidhani kwamba kilicho kikali zaidi ndicho bora zaidi, na wapo wanaobaki na pedi za bei ya chini kabisa kwa kuwa mzunguko wa autocross ni mfupi. Makala haya yanaeleza kazi ya pedi, aina zake, na mambo ya kupima kabla ya kununua.

Autocross ni mchezo gani?

Jina ni moja, lakini mchezo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Nchini Marekani, autocross huendeshwa juu ya lami au zege, aghalabu katika maegesho makubwa au viwanja vya ndege visivyotumika. Njia huchorwa kwa koni za plastiki, na magari hukimbia yakipimwa kwa saa. Chama cha SCCA, ambacho huuita mchezo huo Solo, humwongezea dereva sekunde 2 kwa kila koni anayoiangusha. Mzunguko mmoja mara nyingi humalizika katika muda wa dakika moja hivi, na gari la kawaida halizidi mwendo wa barabara kuu.

Nchini Uingereza neno hilohilo lina maana ya mbio za nyasini au kwenye udongo. Kenya, ambako Shirikisho la Michezo ya Magari, KMSF, husimamia mashindano ya taifa ya autocross, mchezo huu pia ni wa udongo. Vumbi ni jingi wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha uwanja hugeuka tope. Tofauti hiyo ya ardhi ina uzito mkubwa katika uchaguzi wa pedi, kama itakavyoonekana.

Pedi hufanya kazi gani?

Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa. Pistoni hubana pedi mbili, moja kila upande wa diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano hugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na joto hilo hupotelea hewani. Kwa maneno mengine, breki ni chombo cha kugeuza mwendo kuwa joto, na ubora wa pedi hupimwa kwa tabia yake katika joto hilo.

Historia ya kitu hiki inarudi nyuma hadi mwaka 1888. Inasimuliwa kwamba Bertha Benz, alipokuwa katika safari yake mashuhuri kutoka Mannheim kwenda Pforzheim nchini Ujerumani, aliona vipande vya mbao vya breki vikiisha, akamwomba fundi viatu avipigilie ngozi. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianzisha kampuni ya vitambaa vya breki iliyokuja kuitwa Ferodo. Breki za diski zilijipatia sifa mwaka 1953, gari la Jaguar C-Type lilipozitumia kushinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa.

Kwa miaka mingi pedi zilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayostahimili joto lakini ambayo vumbi lake husababisha saratani. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1999, na nchi nyingine nyingi zimefanya hivyo. Hata hivyo, gari la zamani au spea isiyojulikana asili yake inaweza bado kuwa na asbesto. Kwa sababu hiyo fundi hatakiwi kupuliza vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Vumbi hilo huloweshwa kwanza, kisha hufutwa kwa kitambaa.

Aina kuu za pedi

Pedi zinazouzwa madukani leo zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni pedi za ogani, zilizotengenezwa kwa nyuzi na vichujio mbalimbali vilivyoshikanishwa kwa resini. Ni laini, hazipigi kelele, hazili diski haraka, na hushika vizuri zikiwa baridi. Udhaifu wake ni joto: resini inapopata moto kupita kiasi huanza kuungua na kutoa gesi, na pedi hupoteza mshiko.

Kundi la pili ni pedi za nusu-metali, zenye kiasi kikubwa cha nyuzi na unga wa chuma. Hustahimili joto kuliko za ogani na hulipitisha upesi. Kwa upande mwingine, hula diski kwa kasi zaidi, hutoa vumbi jeusi, na hupiga kelele mara kwa mara.

Kundi la tatu ni pedi za seramiki. Zimependwa na watengenezaji wa magari ya familia kwa sababu ni kimya, vumbi lake ni hafifu na zinadumu. Nyingi kati yake zimetengenezwa kwa ajili ya starehe ya barabarani, si kwa ajili ya mshiko mkali wa ghafla.

Kundi la nne ni pedi za mashindano ya viwanja vikubwa vya mbio, ambako gari hukanyaga breki kutoka mwendo mkali tena na tena kwa nusu saa au zaidi. Hizi zimetengenezwa kufanya kazi katika joto la mamia ya nyuzi. Zikiwa baridi, baadhi yake hushika vibaya kuliko pedi ya kawaida ya dukani.

Kati ya makundi hayo zipo pedi ambazo watengenezaji huziita za barabarani na michezo. Hizi hushika tangu zikiwa baridi, na hustahimili joto la juu kuliko pedi za kawaida. Kwa gari la kazi mbili, uchaguzi kwa kawaida huishia humo.

Hesabu ya joto

Hesabu rahisi huonyesha kwa nini pedi za mbio kubwa hazifai autocross. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,300 pamoja na dereva. Likipunguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 30 kwa saa, breki hupokea nishati ya takriban kilojuli 135. Tuseme mzunguko una sehemu 8 za kukanyaga breki namna hiyo: jumla ni takriban megajuli 1.1.

Katika kukanyaga kwa nguvu, breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, takriban asilimia 70. Kila diski ya mbele, ikiwa na uzito wa kilo 6 za chuma cha kusubu, ingepanda joto kwa nyuzi 140 hivi, hata kama tutadhani kwamba hakuna joto lolote lililopotelea hewani. Diski iliyoanza ikiwa na nyuzi 30 ingemaliza mzunguko ikiwa na nyuzi 170. Baada ya hapo gari husimama kungoja zamu yake tena, na diski hupoa.

Pedi inayohitaji nyuzi 200 au 300 ndipo ianze kushika sawasawa haitafika huko kamwe. Dereva atafika kwenye kona ya kwanza akiwa na breki dhaifu, na atamaliza mzunguko breki zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kupata joto. Katika mchezo ambao mshindi na wa pili hutenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde, hasara hiyo ni kubwa. Barabarani ni hatari zaidi: mtoto anayekatisha njia saa 12 asubuhi hangoji pedi zipate moto.

Mteremko ni mgumu kuliko mashindano

Jambo ambalo madereva wengi hulisahau ni kwamba kazi nzito zaidi ya breki zao haiko uwanjani. Iko milimani.

Gari lilelile la kilo 1,300 likiteremka mita 1,000 kwenda chini huachilia nishati ya takriban megajuli 12.8. Hiyo ni karibu mara 12 ya nishati ya mzunguko mzima wa autocross uliopigiwa hesabu hapo juu, na ni sawa na kulisimamisha gari kutoka kilomita 60 kwa saa mara 70. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na matairi. Lakini kama dereva angeiachia breki kazi yote iliyobaki, diski zingepata joto la kuharibu pedi yoyote ya barabarani.

Wanaoteremka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, mteremko wa zaidi ya mita 1,000 hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wanaijua harufu ya breki zilizoungua. Wanaijua pia wanaoteremka Kitonga mkoani Iringa, Tanzania, na wanaoshuka kuelekea Mai Mahiu nchini Kenya. Kanyagio huanza kuwa gumu bila gari kupunguza mwendo: hiyo ni dalili kwamba pedi zimefifia kwa joto. Au kanyagio huzama hadi sakafuni: hiyo ni dalili kwamba mafuta ya breki yamechemka.

Dawa ya kwanza ya mteremko ni gia ya chini, ili injini ishikilie gari. Hata hivyo, pedi zinazochaguliwa ziwe na akiba ya kustahimili joto la mlimani. Kwa hiyo pedi ya ogani ya bei ya chini, ambayo ingetosha kwa mzunguko mfupi wa udongo, inaweza isitoshe kwa safari ya kwenda kwenye mashindano na kurudi nyumbani.

Herufi zilizoandikwa ukingoni

Pedi nyingi huwa na maandishi ukingoni mwake. Mwishoni mwa maandishi hayo aghalabu kuna herufi mbili, kwa mfano EF, FF au GG. Ni mfumo wa wahandisi wa magari wa Marekani, SAE, unaoonyesha kipimo cha msuguano. Herufi ya kwanza inahusu pedi ikiwa na joto la kawaida, na ya pili inahusu pedi ikiwa na joto kali zaidi.

E ni msuguano kati ya 0.25 na 0.35. F ni kati ya 0.35 na 0.45. G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye FE inashika vizuri ikiwa na joto la kawaida na hupungua nguvu joto likizidi. Pedi yenye EF ni kinyume chake. Kwa gari la barabarani na autocross, FF ni mahali pazuri pa kuanzia, na GG ni kwa dereva anayetaka mshiko mkali na aliyezoea kuudhibiti.

Herufi hizo zisichukuliwe kama cheti cha ubora. Hazisemi pedi itadumu muda gani, haziseme italaje diski, wala hazionyeshi itakuwaje joto likipita kiwango cha jaribio. Barani Ulaya kuna kanuni nyingine, R90, inayotaka pedi ya kubadilishia isipishane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika utendaji. Alama yake, herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba, ni kitu cha kutafuta kwenye pedi na kwenye kasha.

Tairi huamua, pedi hudhibiti

Wauzaji wengine hudai kwamba pedi zao zitafupisha umbali wa kusimama. Dai hilo lina mipaka. Breki yoyote iliyo salama inaweza kulifunga gurudumu au kuamsha mfumo wa ABS. Baada ya hapo kinachoamua umbali ni mshiko wa tairi na ardhi, na kwenye udongo mkavu au tope mshiko huo ni mdogo.

Faida ya pedi nzuri katika autocross ni udhibiti. Dereva anataka kanyagio linaloitika kwa kipimo: akiongeza nguvu kidogo, gari lipungue mwendo kidogo, na akiachia, pedi ziachie mara moja. Kwenye udongo, pedi inayouma ghafla mno hufunga magurudumu na gari huteleza moja kwa moja mbele. Anayeshindana kwenye lami anaweza kuvumilia pedi kali zaidi kuliko anayeshindana kwenye udongo.

Mbele na nyuma kwa pamoja

Watengenezaji wa gari hugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma kwa hesabu. Kubadilisha pedi upande mmoja huvuruga mgawanyo huo. Pedi kali zikiwekwa mbele peke yake, breki za nyuma hufanya kazi ndogo kuliko ilivyokusudiwa. Zikiwekwa nyuma peke yake, hatari ni kubwa: magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kwanza, na gari likapinduka uelekeo katikati ya kona.

Ushauri wa kawaida ni kutumia pedi za aina moja mbele na nyuma, au kuanza na mabadiliko madogo ya mbele. Magari madogo yenye breki za drami nyuma, kama Vitz na Probox nyingi, hayahitaji pedi kali sana mbele, kwa kuwa drami za nyuma zitabaki zilivyo.

Madereva wa udongo hutumia pia breki ya mkono ili kugeuza gari kwenye kona kali. Katika matoleo mengi ya Impreza ya zamani, breki ya mkono haitumii pedi za diski ya nyuma. Hutumia viatu vidogo vilivyo ndani ya kitovu cha diski hiyo. Anayelalamika kwamba breki ya mkono haishiki baada ya kununua pedi mpya za nyuma huenda hajakagua viatu hivyo.

Mafuta ya breki yasisahaulike

Pedi nzuri haziwezi kuokoa mafuta mabovu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyopata maji ndivyo yanavyochemka mapema. Mvuke hubanika kwa urahisi, na kanyagio huzama.

Viwango vya chini vinavyotakiwa ni hivi. DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205, na ikishapata unyevu isichemke chini ya nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Kwa DOT 5.1 ni nyuzi 260 na 180. Aina hizo tatu zina asili inayofanana. DOT 5, yenye silikoni, ni kitu kingine kabisa na haichanganywi nazo.

Kwa gari la kazi mbili, DOT 4 safi inayobadilishwa angalau kila baada ya miaka 2 inatosha kwa wengi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya seti ya pedi, na mara nyingi huleta nafuu ambayo mwenye gari alidhani itatokana na pedi.

Kuzifunga na kuzizoesha

Kabla ya kufunga pedi mpya, fundi hupima unene wa diski na kuulinganisha na kipimo cha chini kilichopigwa mhuri kwenye diski yenyewe. Diski iliyopungua chini ya hapo hubadilishwa. Pini za kalipa husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki, kwa sababu pini iliyokwama hufanya pedi moja iishe mapema na gari livute upande mmoja.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Utando mwembamba wa pedi hupakwa juu ya diski, na utando huo ndio unaoleta msuguano ulio sawa. Maelekezo ya mtengenezaji hutangulia. Yasipokuwepo, utaratibu wa kawaida ni kutafuta barabara tupu na salama, kisha kupunguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa mara 8 hadi 10, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa. Baada ya hapo gari huendeshwa kwa dakika kadhaa bila breki kutumika sana, ili zipoe. Kusimama na kubana breki zikiwa za moto huacha alama kwenye diski, na dereva huhisi usukani ukitetemeka.

Si busara kufunga pedi mpya usiku wa kuamkia mashindano. Wiki moja ya matumizi ya kawaida humpa dereva nafasi ya kugundua kasoro akiwa bado karibu na karakana.

Baada ya mashindano ya udongo, magurudumu yafunguliwe na matope yaoshwe. Mchanga uliokwama kati ya pedi na diski hukwaruza zote mbili. Sehemu ya msuguano ikibaki na milimita 3, pedi zinunuliwe. Gari lililobakiwa na unene huo lisipelekwe uwanjani kabisa.

Tahadhari ya bidhaa bandia

Soko la spea ni kubwa, na pedi bandia hufanana na halisi kwa kasha na rangi. Mnunuzi, awe Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kisekka jijini Kampala, anashauriwa kukagua mambo machache: maandishi ya ukingoni yawepo na yasomeke, namba ya kasha ilingane na ya pedi, sehemu ya msuguano isiwe na nyufa wala kuachana na bamba la chuma, na pedi zote nne ziwe na unene sawa. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni onyo tosha. Risiti ihifadhiwe.

Kwa ufupi

Dereva wa gari moja kwa kazi mbili atafute pedi inayoshika vizuri ikiwa baridi, yenye akiba ya joto kwa ajili ya milima anayopita, na inayoitika kwa kipimo. Pedi za barabarani na michezo zenye alama ya FF, za aina moja mbele na nyuma, pamoja na mafuta safi ya DOT 4, hutosheleza mahitaji ya wengi. Anayetumia lami anaweza kupanda daraja moja kwa ukali, na anayetumia udongo hana haja hiyo.

Zikiwepo shaka kati ya pedi mbili, kipimo cha kuamua ni safari ya Jumatatu. Mizunguko ya Jumapili ni ya dakika chache, na pembeni yake kuna wasimamizi na gari la wagonjwa. Barabara ya kurudi nyumbani haina vyote viwili.